Safari ya Sita ya Sufuria

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa darasa la kwanza ametuma daftari hili. Kila siku mzazi amsomee mtoto, kisha aandike tarehe, jina la kitabu na sahihi. Karani ameniwekea juu ya kompresa ya friji niliyokuwa naisafisha.

"Baba, sahihi."

Nikatia sahihi.

"Hujasoma."

"Nitasoma."

"Sahihi inakuja baada ya kusoma," akasema, akavuta kreti, akakaa kunisubiri. Ana miaka sita. Jina la Karani alipewa na mama yake, kwa sababu mtoto huyu hasahau kitu wala hasamehi kosa la hesabu. Mdogo wake, Tonge, ana minne na anashinda na mimi karakanani.

Sikusoma. Mvua imeanza leo.

Jumanne, 4 Machi

Vitabu vyenyewe ni vitano, vya picha, vya mitumba. Mama yao alikuwa akivinunua kimojakimoja na kuwasomea jioni kabla ya chakula. Nilijua vipo kama mtu anavyojua ana magoti. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua kimoja: chombo kinaruka kwenda angani, chini yake maandishi ya lugha nisiyoijua, mengine yana vidoti kichwani.

"Mama alikuwa anavisoma vipi hivi?" nikauliza.

"Kwa mdomo," akasema Karani.

Nimefungua ukurasa, nimefunga ukurasa. Tonge akalala chini akageukia ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea mwalimu daftari jingine. Hili nimebaki nalo, maana nimeshaandika mambo yasiyomhusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Shule ikifungwa atakuja kuwachukua watoto, wakakae na kusoma huko kwake. "Si kwa ubaya, Baba Karani. Lakini wewe huongei. Watoto hawawezi kulelewa na ukuta."

Nikasema sawa, mama.

Ni kweli siongei. Tangu Januari, siku ile ya pili ya hospitali, nimekufa ganzi. Watu walikuja kunipa pole, nikawa nawaangalia midomo inavyocheza. Watoto waliambiwa na bibi yao kwamba mama amesafiri. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na hivyo ndivyo ilivyobaki: mama amesafiri.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Friji mbili, zote gesi imevuja. Sikusoma.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia. Mpangaji wa chumba cha mwisho tunamwita Profesa, ingawa si profesa. Alikaa ng'ambo miaka minne akarudi na koti na lugha ileile ya vitabu. Nimemtengenezea friji, yeye ananitafsiria. Ananiambia neno kwa neno, mimi naandika kwa penseli chini ya kila picha. Kazi ikiwa kazi, ifanywe sawasawa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewasomea. Nimewakalisha mmoja huku mmoja huku, nikaanza: "Chombo cha Nyota ya Ushindi kiliondoka bandari ya anga kikiwa na nahodha shujaa, bwana mwenye..."

"Nani?" Karani akanikata.

"Nahodha. Bwana mwenye..."

"Nahodha ni mwanamke. Na chombo kinaitwa Sufuria. Huoni kina mfuniko?"

Nikaangalia. Kweli kina mfuniko.

"Imeandikwa Nyota ya Ushindi," nikasema.

"Nani kaandika?"

"Wenyewe."

"Na huyu?" Alikuwa ameweka kidole kwenye roboti dogo lenye mdomo mrefu.

Nikasoma: "Namba Tisa."

Tonge akaangua kilio, na si kile kilio chake cha njaa. "Ni Birika! Huyo ni Birika! Baba ameharibu!" Karani akachukua kitabu, akaona penseli yangu ukurasa hadi ukurasa, akakiweka chini taratibu. Hakulia. Alisema tu, "Umekichafua kitabu cha mama."

Nimekaa na kifutio jioni nzima. Penseli imetoka, lakini alama inabaki ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Jumatatu, 17 Machi

Mama yao hakuijua lugha ile hata neno moja. Nimechukua siku mbili kulielewa jambo ambalo mtoto wa miaka minne analijua: alikuwa anatazama picha na kutunga. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nafunga waya au nasikiliza taarifa ya habari. Miaka miwili ya hadithi. Sikusikia hata sentensi moja.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimewaambia, "Nisomeeni nyinyi."

Karani akajikohoza kama mama yake. Loo, alijikohoza kabisa kama mama yake. Nikashika kiti.

Akasoma hivi. Sufuria kiliondoka alfajiri, na Nahodha alikuwa amesahau chumvi, ikabidi warudi. Birika ni roboti linalochemka likikasirika. Kuna sayari ya watu wanaolala wima. Kila ukurasa Tonge anamalizia sentensi. Tukafika kitabu cha pili, picha ya chombo kinatoa moshi, na pembeni kabisa, mdogo kuliko kidole changu, mtu ana mkoba begani. Katika maandishi ya wenyewe, Profesa aliniambia, huyo ni mtunza stoo, na baada ya kitabu cha tatu hatajwi tena.

"Huyu ni Fundi," akasema Karani. "Fundi haongei. Lakini kitu kikivuja, Nahodha anasema, mwiteni Fundi. Fundi anakuja na povu la sabuni. Anapaka kwenye bomba. Povu likicheka, ndipo panapovuja."

Povu likicheka. Hilo ni neno langu. Natafuta gesi inapovuja kwa kupaka povu la sabuni kwenye paipu ya shaba, na likitoa mapovu makubwa nasema limecheka. Sikumbuki kumwambia mama yao. Lazima alikuwa amesimama mlangoni akaniona.

"Kila kitabu yupo?" nikauliza.

"Kila kitabu. Ukimtafuta, utamwona. Mama alisema yeye hasemi ila bila yeye wote wangekufa."

Nilitakiwa nisikie kitu pale. Najua mahali kitu hicho kilipotakiwa kukaa. Nimepapasa, pako wazi tu.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua mfululizo. Nimetafuta Fundi kitabu cha nne. Yupo ukurasa wa kumi na moja, nyuma ya tangi, mguu tu.

Jumanne, 25 Machi

Nimepita kwa muuza vitabu vya mitumba, pale kona ya soko, kutafuta kifutio kizuri zaidi. Ameniona na mkoba wa kitambaa wa mama yao.

"Mkoba huo naufahamu," akasema. "Mwenyewe yuko wapi? Mama mcheshi yule! Nimemwekea kitabu chake. Cha sita. Nilimwahidi tangu Desemba."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Nitamfikishia." Mtu mzima hovyo. Nimekipokea, nimetembea nacho mvuani chini ya shati.

Jumatano, 26 Machi

Nimekitazama peke yangu. Katikati ya kitabu Nahodha anatoka nje ya chombo akiwa na kamba kiunoni. Ukurasa unaofuata kamba imekatika. Anaelea, mdogo, halafu mdogo zaidi. Kurasa za mwisho Sufuria kinarudi na kiti cha mbele hakina mtu.

Nimemwonyesha Profesa. Akasoma ukurasa wa mwisho akacheka. "Usiwe na wasi. Wanasema ataonekana kitabu cha saba. Kaokolewa na chombo kingine."

Basi jawabu lipo, tena limepigwa chapa: anarudi, subirini kitabu cha saba. Ningewasomea hivyo na wangefurahi. Nimekifunga kwenye gazeti, nimekiweka juu ya kabati.

Jumamosi, 29 Machi

"Kitabu cha sita kipo," Karani ameniambia. Sijui amejuaje. Nikamwambia bado.

"Bado nini?"

"Bado sijakisoma vizuri."

"Hakisomwi, Baba. Kinatazamwa."

Jumatano, 2 Aprili

Naandika jioni hii mambo ya mchana.

Yule aliyenifundisha kazi alinipa sheria kabla hajanipa bisibisi. Friji likifa, kabla ya kitu kingine, toa mlango. Usiseme kesho. Mtoto akiingia na mlango ukajifunga, humsikii. Miaka kumi na minane sijawahi kuacha friji lililokufa na mlango wake. Lakini tangu Januari nimeacha. Yako matatu ukutani, yote na milango. Nilikuwa nayaona kila siku na sikuyaona.

Saa saba mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia redio. Nilikuwa nyuma, nachomelea paipu. Karani akarudi kutoka shule, ameloa chapachapa, akasema, "Tonge yuko wapi?"

"Hapo mbele."

"Hayupo."

Nilienda mbele. Kreti lake lilikuwa hapo. Kando yake lilikuwepo gazeti, lile gazeti nililofungia kitabu, na kitabu chenyewe kimefunguliwa ukurasa wa kamba iliyokatika. Kabati liko ndani, na kati ya nyumba na karakana ni mlango mmoja tu. Alipanda kwenye kiti akakichukua.

Nikaita. Mvua ikanijibu. Karani akakimbilia barabarani, nikamrudisha. Halafu nikayaona mafriji. Yote matatu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari niliyaona vizuri kabisa, hadi kutu.

Nikafungua la kwanza. Tupu. La pili, tupu. La tatu lina rafu zake. Roho ilikuwa imeshaniruka, nilikuwa nafungua vitu vya kijinga, sanduku la vyuma, pipa. Karani akatoka ndani ya nyumba, akasimama mbele ya friji la nne lililokuwa kando peke yake, la mteja, la zamani, la kitasa, ambalo likijifunga halifunguki kwa ndani. Akasema, "Baba. Sufuria kubwa haipo jikoni."

Nikavuta kitasa.

Alikuwa amechuchumaa ndani, sufuria kichwani, kipande cha mkate mkononi, jasho linamtiririka kama kamwagiwa maji. Macho yalikuwa wazi. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyechelewa kwenye miadi.

"Nilikuita," akasema. "Halipai."

Nilimtoa. Nilimshika mpaka Karani akaniambia, "Baba, unambana."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kamba ya mama imekatika. Mkate wake huu."

Sijui alikaa humo muda gani. Nijuavyo ni hili: friji hilo nililipokea wiki tatu zilizopita ili nibadilishe mpira wa mlango. Nilitoa mpira mbovu, mpya sikuweka. Mteja amepiga simu mara nne, nikamdanganya mara nne. Kwa sababu ya uvivu huo mlango ulibaki na mwanya wa upana wa kidole, na hewa ikaingia hapo. Ningekuwa nimefanya kazi yangu, ningekuwa sina mtoto. Ningekuwa nimefanya kazi yangu ya baba sawasawa, pia, Tonge angekuwa na mama aliyekufa na si mama aliyesafiri, na asingeingia. Nazungusha hili toka saa tisa na halitulii upande wowote.

Nimetoa milango yote. Bawaba moja baada ya nyingine, bisibisi ikiniponyoka. Tonge ananishikia nati kwenye ile sufuria.

Ninaogopa. Naandika neno hilo kwa sababu ni miezi mitatu sijawa na neno la ninachohisi. Ninaogopa sana.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Sikutaka asikie kwa watu. Nimemweleza yote, hata mpira. Kisha akasema, "Nakuja siku ya kufunga shule. Niwakute tayari. Na usinipikie."

Hana kosa. Ningekuwa yeye ningekuja leo.

Ila sitaki waende. Nilipokubali mwezi uliopita nilikuwa nakubali kila kitu. Sasa sitaki, na sina uso wa kulisema.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefunga nguo zao kwenye mikoba miwili. Tonge ameuliza kama huko kwa bibi chombo hutua karibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama mkwe alifika saa nne asubuhi, viatu mkononi, matope hadi magotini. Aliwakumbatia watoto. Mimi alinisalimia kwa kichwa. Akaenda karakanani kwanza, bila kuambiwa, akatazama mafriji yote hayana milango, akarudi akakaa ukingoni mwa kiti. Mikoba ilikuwa mlangoni. Mvua ilizidi, gari halingepita barabara ile mpaka itulie.

Karani akaleta daftari la mwalimu.

"Limebaki ukurasa mmoja."

"Shule imefungwa," nikasema.

"Ukurasa haujafungwa."

Akaenda mwenyewe akachukua kitabu cha sita. Tonge akaja akajipachika gotini kwangu. Nikapiga moyo konde, nikajikohoza.

Nilianza vibaya. Nikasema Sufuria kiliondoka, kisha nikakwama. Karani akanong'ona, "Walisahau nini safari hii?" Nikasema walisahau viberiti. Tonge akacheka. Nikaendelea. Birika lilichemka. Walipita sayari ambayo mvua haikatiki na watu wake wanaishi ndani ya mabuti. Sijui nilikuwa naitoa wapi. Nikasikia mama mkwe amegeuza kiti upande wetu.

Tukafika ule ukurasa.

"Nahodha alisema kichwa kinamuuma," nikasema.

Picha haina kichwa kinachouma. Karani akaniangalia.

"Fundi alikuwa wapi?" akauliza.

"Alikuwa anamalizia kazi. Alimsikia. Akasema, pumzika, kitapoa."

"Kikapoa?"

"Hakikupoa. Alimpeleka kwa waganga wakubwa wenye mashine. Siku mbili. Wakajitahidi. Kamba ikakatika."

"Baba Karani," mama akasema kutoka nyuma, sauti ya chini. "Watoto hao."

"Mama, niache nimalize."

Tonge alikuwa ameweka kidole kwenye yule mdogo anayeelea. "Atarudi kitabu cha saba?"

Jibu lilikuwepo hapo, limeandikwa kwa herufi zenye vidoti. Nikasema, "Hapana. Harudi. Mama hakusafiri, Tonge. Mama alikufa. Tulikuambia amesafiri kwa sababu sisi wakubwa tulishindwa kusema."

"Nikienda na friji?"

"Hata ukienda na friji."

"Nikienda na lile lenye mlango mzuri?"

"Hata hilo, baba."

Karani alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu ambaye hesabu yake imekubali baada ya muda mrefu. Alijua. Alikuwa anajua muda wote na amekaa nalo peke yake, mtoto wa miaka sita, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Sufuria kinatua. Kiti cha mbele hakina mtu. Nikatafuta kama nilivyozoea, nikamwona: nyuma ya usukani wa pembeni, na mkoba wake begani.

"Fundi ndiye aliyekirudisha chombo," nikasema. "Hakujua kukiendesha. Alikuwa anakosea njia. Lakini waliokuwemo wote walifika."

Tonge akamsogelea kwa macho mpaka pua ikagusa karatasi.

"Fundi halii?"

"Analia."

"Mbona hatumwoni?"

"Amevaa helmeti."

Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono, hakugusa picha, aligusa uso wangu, hapa chini ya jicho.

"Basi aivue," akasema.

Sitaandika nililia vipi. Ilikuwa mbaya, ya sauti, ya mtu asiyejua inavyofanywa. Tonge akaogopa kidogo, kisha akaanza na yeye, kisha Karani, mwisho kabisa, na yeye ndiye aliyechelewa kunyamaza. Mama mkwe alitoka kwenye kiti akaja kukaa sakafuni na matope yake yote. "Mimi ndiye niliyesema amesafiri," akawa anasema. "Mwanangu wa pekee. Nilishindwa kulitamka. Mimi ndiye niliyesema."

Mvua ilitulia saa kumi. Gari lilipita. Hakuna aliyeinuka.

Jumapili, 13 Aprili

Mama mkwe ameondoka asubuhi na mkoba mmoja, wake. Mikoba ya watoto aliifungua mwenyewe jana akarudisha nguo kabatini, akinikosoa ninavyokunja. Mlangoni akasema, "Likizo ijayo uwalete. Wewe uwalete, usiwatume. Na uongee nao njiani." Nikasema sawa, mama. Akanitazama. Nikasema tena, vizuri: "Nitawaleta, mama. Na nitaongea."

Sijapona. Vidole vingi bado vina ganzi. Lakini naijua kazi hii: baada ya kuziba unapaka povu upya, unasubiri, unatazama.

Mchana nimerudishia lile friji la kitasa mlango wake na kuuvalisha mpira mpya. Unakaa vizuri, hewa haipiti hata ya sindano. Kabla sijaufunga mlango nimesimama nikaita wanangu kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti. Wote wawili wameitika. Ndipo nikaufunga.